Meza Moja, Makarani Wawili

Ndugu msikilizaji, Jumatatu moja asubuhi nilikuwa Ihumwa, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Nilikwenda katika ofisi moja, ambayo jina lake nalihifadhi, kufuatilia karatasi za kiwanja. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa hapo jirani mwaka 2019, karatasi za viwanja zimekuwa shughuli ya kila mtu katika eneo hilo. Saa mbili na nusu nilikuta benchi limejaa na watu wengine wamesimama ukutani.

Mama mmoja wa makamo aliingia, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akakaa ukingoni mwa benchi. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Dirishani karani alikuwa anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. Kila aliyeuliza alipewa jibu lile ambalo sote tumekwisha kulizoea: "Mtandao uko chini." Ilipofika saa tano, bila mtu yeyote kugusa kitu, mashine ikaanza kutembea na foleni ikasogea. Karani akatushauri kwa wema: "Siku nyingine njooni mchana. Asubuhi huwa nzito."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Mtandao gani unaoshuka kila asubuhi na kupanda saa tano? Nikaomba kuonana na mkuu wa ofisi. Naye, bila kuficha, akaniambia kwamba fundi waliyemwita alikuwa amepima mashine kuu, ile inayoitwa seva, akakuta kumbukumbu yake imejaa karibu yote. Barua ya kuomba fedha za mashine kubwa zaidi ilikuwa imekwisha andikwa. Lakini palikuwapo kijana mmoja, fundi mgeni katika ofisi hiyo, aliyekuwa na maoni tofauti. "Mtandao hauna kosa, mzee," aliniambia, "na kumbukumbu haijaisha. Kinachogombaniwa ni meza."

Ndugu msikilizaji, leo napenda tuizungumze meza hiyo. Jambo hili laonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini gharama yake inabebwa na mama yule aliyelipa nauli mara tatu, na fedha ya kununulia mashine mpya ni ya umma.

Tuanze na mambo ya msingi. Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka taarifa. Pa kwanza ni diski, ambako taarifa hukaa hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, ambako taarifa hukaa wakati zinapotumika tu; umeme ukikatika, zote zimepotea. Kwa nini basi tuwe na pawili? Sababu ni mwendo. Kuchukua kitu kwenye kumbukumbu huchukua kiasi cha sehemu 100 za bilioni za sekunde. Kuchukua kitu kile kile kwenye diski ya sahani izungukayo huchukua kiasi cha sehemu 10 za elfu za sekunde. Tofauti ni kama mara 100,000.

Hesabu hizo ni ndogo mno kwa akili ya binadamu, kwa hiyo tuzikuze. Tuseme karani wa Ihumwa anachukua faili lililo mezani kwake kwa sekunde 1. Kwa kipimo hicho, faili lililo kwenye diski ya sahani litamchukua saa 27 na zaidi, sawa na mtu aliyetumwa Dar es Salaam kulifuata akarudi siku ya pili yake. Diski za kisasa zisizo na sahani zina nafuu kubwa, lakini hata hizo, kwa kipimo hicho hicho, ni mwendo wa dakika kama 17. Kwa vyovyote vile, mwenye faili mezani humaliza kazi na asiye nalo hungoja.

Sasa ni nani anayeamua faili lipi likae mezani? Hapo ndipo anapoingia mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoitawala mashine nzima, kama vile Windows au Linux. Tuufananishe na mkuu wa masjala. Programu nyingine zote ni makarani wanaofika kwake kuomba nafasi ya kufanyia kazi. Katika kabati la nyuma, yaani diskini, kuna maandishi ya asili. Karani akiomba ukurasa, mkuu wa masjala huenda kabatini, huutolea fotokopi na kuileta mezani.

Karani akimaliza, mkuu huyo haitupi fotokopi. Huiacha pale pale juu ya meza, kwa sababu ameona kwa uzoefu kwamba karatasi iliyoombwa leo asubuhi huombwa tena leo mchana. Sehemu ya meza isiyotumiwa na mtu yeyote huijaza fotokopi za namna hiyo. Hiyo ndiyo akiba ya diski, ambayo mafundi wengine huiita kashe. Akija karani mpya anayehitaji nafasi, mkuu wa masjala huziondoa fotokopi ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu. Hapati hasara, maana maandishi ya asili yako salama kabatini.

Hiki ndicho chanzo cha kosa la fundi wa kwanza. Tuchukue mfano wa mashine yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu. Programu zinatumia 6, akiba ya diski imechukua 9, na kilicho wazi kabisa ni 1. Mtu akisoma kile kilicho wazi peke yake atapiga kelele kwamba mashine imejaa. Lakini zile 9 zimeazimwa tu, na sehemu kubwa yake inaweza kurudishwa mara moja programu ikihitaji. Katika Linux ipo amri iitwayo free inayoonyesha hesabu hizo. Kwa miaka mingi ilionyesha kilicho wazi na kilichotumika, na watu wengi wakaogopeshwa bure. Tangu mwaka 2014 kiini cha Linux kinatoa hesabu nyingine, ya kile kinachoweza kupatikana bila kuiumiza mashine, na hiyo ndiyo ya kutazama kwanza. Mkulima wa Dodoma anaelewa jambo hili haraka, kwani hakuna anayejenga kihenge ili kikae kitupu. Hali kadhalika, kumbukumbu iliyonunuliwa kwa fedha ikakaa wazi ni hasara.

Mambo yangekuwa mepesi kama makarani wote wangekubali kumtegemea mkuu wa masjala. Lakini yuko karani mmoja ambaye hakubali. Huyo ni programu ya hifadhidata, yaani ile inayotunza orodha kubwa za viwanja, malipo, wagonjwa, wanafunzi au wateja wa benki. Yeye hudai kipande chake cha meza, akizungushie uzio, na humo ndani apange fotokopi zake mwenyewe kwa utaratibu wake.

Je, ni kiburi? La. Ana sababu, na zilielezwa zamani. Mwaka 1981 mtaalamu wa Marekani, Michael Stonebraker, aliyeongoza utengenezaji wa hifadhidata ya INGRES katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika makala akilalamika kwamba huduma za mifumo endeshi haziwafai watu wa hifadhidata. Mkuu wa masjala, alieleza, huondoa karatasi iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kazi za kawaida, lakini karani wa hifadhidata anajua mambo ambayo mkuu hayajui. Anajua kwamba ripoti ya mwisho wa mwezi itasoma kurasa zote mara moja tu, na kwamba hakuna haja ya kuziweka mezani. Anajua pia kwamba faharasa ya majina itaombwa na kila mtu, na kwamba haifai kuondoka hata ikipita dakika kadhaa bila kuguswa. Zaidi ya hayo, anataka awe na hakika ya karatasi ipi imefika kabatini kabla ya ipi, ili umeme ukikatika aweze kusimamisha upya hesabu zake. Stonebraker huyo huyo ndiye aliyeanzisha kazi ya Postgres, na mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika fani ya kompyuta.

Basi tazama hali inayotokea. Karani wa hifadhidata anaomba ukurasa. Mkuu wa masjala anauleta na kubaki na fotokopi yake katika akiba. Karani naye anaweka fotokopi nyingine ndani ya uzio wake. Ukurasa mmoja, fotokopi mbili, meza moja! Kumbukumbu iliyonunuliwa kwa kazi moja imefanya kazi hiyo mara mbili, na kurasa nyingine zimekosa mahali.

Watengenezaji wa hifadhidata wamelijibu tatizo hili kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya PostgreSQL, mrithi wa ile kazi ya Berkeley. Kwa desturi yake, hifadhidata hii huchukua kipande cha wastani na kumwachia mkuu wa masjala sehemu kubwa iliyobaki. Mwongozo wake hushauri kuanza na robo ya kumbukumbu katika mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo, na husema kwamba kuzidisha asilimia 40 hakuelekei kuleta nafuu. Njia ya pili ni ya MySQL pamoja na injini yake ya InnoDB. Hapo, ikiwa mashine ni ya hifadhidata peke yake, mwongozo unaruhusu kuipa hata asilimia 80, na fundi anaweza kuiamuru isome diski moja kwa moja bila kupitia akiba ya mkuu wa masjala, ili fotokopi ibaki moja tu.

Njia zote mbili zina mantiki yake. Hatari iko katika kutochagua. PostgreSQL na InnoDB zote, fundi asipozigusa, kwa kawaida huanza na megabaiti 128 tu, kipande kidogo mno kwa ofisi yenye kazi nyingi. SQL Server ya Microsoft ina tabia ya kinyume. Isipowekewa kikomo, huendelea kuchukua kumbukumbu kadiri inavyohitaji, na huachia pale Windows inapoiarifu kwamba hali ni mbaya. Katika mashine yenye programu nyingine, hiyo ni sawa na mgeni anayesubiri mwenye nyumba aseme amechoka.

Ugomvi huu si mpya hata kwa Windows yenyewe. Wale waliofanya kazi na Windows NT Server katika miaka ya 1990 watakumbuka kwamba palikuwapo mahali pa kuchagua kama mashine itumike zaidi kwa kugawa mafaili au kwa programu za mtandao. Wengi walipita pale bila kusoma. Kumbe walikuwa wanaulizwa swali hili hili la leo: nafasi ikibanwa, ipunguzwe akiba ya mafaili, au waondolewe makarani?

Sasa turudi Ihumwa. Kijana yule alinifungulia daftari la mwenendo wa mashine, nikaona kisa chote. Kila usiku saa tisa mashine ilikuwa inatengeneza nakala rudufu: inasoma hifadhidata nzima pamoja na picha za hati zote, inaziandika kwenye diski ya pembeni, na kazi inamalizika alfajiri. Ni kazi njema na ya lazima. Lakini hebu fikiri inavyoonekana kwa mkuu wa masjala. Anaombwa kurasa kwa maelfu, na kila moja anaitolea fotokopi na kuiacha mezani, akidhani itaombwa tena. Hakuna atakayeiomba. Wakati huo huo karani wa hifadhidata amelala, maana saa tisa usiku hakuna mwananchi dirishani. Mkuu wa masjala anatazama kile kipande chenye uzio, anaona karatasi ambazo hazijaguswa kwa saa nyingi, anazichukua na kuzipeleka stoo ili apate nafasi ya fotokopi za nakala rudufu.

Ndiyo, ndugu msikilizaji, anao uwezo huo. Sehemu ya diski hutengwa kuwa stoo ya vitu vya makarani waliolala, na Linux ina kipimo kiitwacho swappiness, ambacho kwa kawaida huwekwa 60, kinachoamua jinsi mkuu wa masjala atakavyopima kati ya kupeleka vitu vya makarani stoo na kupunguza fotokopi zake. Basi kunapokucha karani wa dirishani anabonyeza jina la mwananchi. Hifadhidata inanyoosha mkono pale ilipoacha faharasa yake, inakuta haipo. Safari ya kwanza diskini. Ukurasa wa pili, safari ya pili. Meza imejaa kweli, lakini imejaa karatasi za jana usiku ambazo hakuna anayezihitaji. Kidogo kidogo, kila mwananchi anayehudumiwa anarudisha ukurasa mmoja mahali pake, hadi saa tano ndipo mambo yanakaa sawa. Watu wa asubuhi walikuwa wanaipashia moto mashine kwa ajili ya watu wa mchana!

Mashine kubwa zaidi ingesaidiaje hapo? Pengine ingepunguza tatizo kwa muda. Lakini hati zinaongezeka kila mwezi, na nakala rudufu ingekuja kuijaza meza hiyo mpya kama ilivyoijaza ya zamani.

Liko jambo jingine ambalo halifai kuachwa, nalo ni zito kuliko foleni. Nimesema fotokopi inaweza kutupwa bila hasara. Lakini ikiwa karani ameiandika kwa kalamu, yaani ameingiza malipo mapya, fotokopi hiyo ndiyo yenye ukweli, na ile ya kabatini imepitwa. Mkuu wa masjala hakimbilii kabatini kila mara; hukusanya zilizoandikwa na kuzipeleka kwa pamoja. Katika Linux, kwa mpango wa kawaida, karatasi iliyoandikwa inaweza kukaa mezani kiasi cha sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa imechelewa. Umeme ukikatika ndani ya sekunde hizo, maandishi yamekwenda.

Ndiyo maana hifadhidata nzuri huwa na kitabu chake cha miamala. Kabla ya kumwambia mwananchi "malipo yamepokelewa," huandika muamala kwenye kitabu hicho na kumwamuru mkuu wa masjala akifikishe diskini na kurudi na jibu. Amri hiyo hupunguza mwendo, na wapo mafundi wanaoizima ili mashine ionekane nyepesi. Msikilizaji, huko ni kuuza paa ili kununua pazia. Na hata amri hiyo inataka uangalifu. Mwaka 2018 ilibainika kwamba katika Linux, diski iliposhindwa kuandika, hifadhidata iliyorudia amri ile ile mara ya pili ingeweza kujibiwa kwamba mambo ni salama, ilhali karatasi haikufika. PostgreSQL ilibadilishwa mwaka 2019 ili ikikutana na kosa hilo isimame kabisa na kujijenga upya kutoka kwenye kitabu cha miamala, badala ya kuendelea kwa matumaini.

Je, tufanye nini? Nilimuuliza kijana yule, akanipa mambo manne, nami nawapeni kama nilivyoyapata.

Kwanza, kabla ya kuomba mashine mpya, isomwe hesabu ya kumbukumbu inayoweza kupatikana, si ile iliyo wazi peke yake. Vilevile itazamwe kama vitu vinapelekwa na kurudishwa stoo mfululizo wakati wa kazi. Kama kinachopatikana ni kidogo kila saa na stoo haipumziki, basi kumbukumbu ni haba kweli, na inunuliwe. Wala asije mtu akasema kwamba mtangazaji amepinga ununuzi wa vifaa.

Pili, hifadhidata ipewe kipande chake kwa makusudi na kwa hesabu, kisha ibaki nafasi ya kumtosha mfumo endeshi na programu nyingine. Pale inapowezekana, hifadhidata ikae kwenye mashine yake peke yake.

Tatu, nakala rudufu ifanywe mapema usiku, kwa namna isiyoifagia meza, na kile kipimo cha kupeleka vitu stoo kipunguzwe ili karani wa hifadhidata asinyang'anywe faharasa yake akiwa amelala.

Nne, kitabu cha miamala kisiguswe kwa ajili ya kutafuta mwendo. Badala yake, itafutwe betri ya kuishikilia mashine umeme unapokatika.

Nchi yetu ina historia ndefu na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilipokuja kulegezwa tukawa na hamu kubwa ya kununua. Mwaka 2003 tukapata sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, na leo hapa Dodoma pekee Chuo Kikuu kina ndaki nzima ya elimu hiyo. Kununua tumekwisha jifunza. Kinachodai bidii sasa ni kukielewa tulichonunua, na kumsikiliza kijana tuliyemsomesha kabla ya kutia saini.

Wiki tatu baadaye nilipita tena Ihumwa, asubuhi. Nakala rudufu ilikuwa imehamishiwa saa nne usiku na hifadhidata imepewa kipande chake. Sitawadanganya kwamba foleni ilikuwa imekwisha. Watu wa viwanja ni wengi. Lakini ilikuwa inasogea. Karani alibonyeza, jina likaja, akabonyeza tena, karatasi ikatoka. Neno mtandao sikulisikia asubuhi ile. Ile barua ya kuomba mashine mpya, mkuu wa ofisi aliniambia, imerudishwa kwenye faili ingojee.

Basi siku nyingine utakapoambiwa dirishani kwamba mtandao uko chini, uliza kwa adabu: Ni mtandao, au ni meza?

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.